John Constable: Mchoraji Aliyeweka Moyo Wake Mawinguni

Katika jumba la National Gallery pale Trafalgar Square, London, ambako kiingilio ni bure, ipo picha moja ambayo watu wengi wa nchi hii wanaijua tangu utotoni. Huenda nawe umeshaiona kwenye kalenda au kwenye mkebe wa biskuti. Inaonyesha mto wenye maji machache, mkokoteni unaovutwa na farasi umesimama majini, nyumba kuukuu upande wa kushoto, mbwa ukingoni, na juu ya vyote anga kubwa lenye mawingu. Hamna mfalme, hamna vita, hamna malaika. Picha hiyo inaitwa The Hay Wain, yaani mkokoteni wa nyasi kavu, na aliyeichora ni John Constable.

Katika safu yetu ya watu mashuhuri, safari hii tunakusimulia maisha yake. Tumemchagua kwa sababu alikuwa mtu aliyehamia mjini lakini moyo wake ukabaki kijijini kwao, na maisha yake yote akatafuta namna ya kuuonyesha moyo huo kwa miti, maji na mawingu.

Mtoto wa mwenye kinu

Constable alizaliwa tarehe 11 Juni 1776 katika kijiji cha East Bergholt, mkoa wa Suffolk, mashariki mwa Uingereza. Baba yake, Golding Constable, alikuwa mfanyabiashara wa nafaka mwenye uwezo. Alikuwa na kinu cha maji Flatford, kando ya mto Stour, na kingine Dedham. Unga uliosagwa humo ulipakiwa kwenye mashua zilizokokotwa na farasi kufuata mto, kisha ukasafirishwa kwa bahari hadi London.

Kaka yake mkubwa alikuwa na ulemavu wa akili, kwa hiyo baba alimtegemea John arithi biashara. Kwa muda John alifanya kazi kwenye kinu cha upepo cha familia. Hapo ndipo alipojifunza kusoma anga. Mwenye kinu cha upepo asiyejua wingu lipi limebeba dhoruba anaweza kukuta kinu chake kimevunjika. Kwa kijana huyu mawingu yalikuwa kazi kabla hayajawa sanaa.

Lakini alipenda kuchora kuliko kusaga. Mwaka 1799 baba yake akakubali aende London kusoma katika Royal Academy, na hatimaye mdogo wake, Abram, ndiye aliyeshika vinu.

Picha zisizo na mfalme

Zama hizo picha zilikuwa na madaraja yake. Zilizoheshimiwa zaidi zilihusu historia, dini na wafalme. Mandhari, yaani picha za mashamba, mito na miti, zilihesabiwa kuwa za daraja la chini, na waliozichora mara nyingi waliiga miti na magofu ya Italia kutoka kwa mabingwa wa zamani. Constable hakutaka kuiga. Mwaka 1802 alikataa kazi ya kufundisha uchoraji katika chuo cha kijeshi, kazi ambayo ingempa mshahara wa uhakika, akaamua kurudi kwao kila kiangazi kuchora alichokiona kwa macho yake.

Mwaka 1806 alikwenda kaskazini, kwenye milima na maziwa ya Lake District ambayo watu wengi waliisifu. Akakaa huko wiki kadhaa, akachora, lakini upweke wa milima ile ulimlemea. Yeye alitaka mandhari yenye watu: mashua, makanisa, nyumba za wakulima. Katika maisha yake yote hakutoka nje ya Uingereza hata mara moja.

Uchumba wa miaka 7

Mwaka 1809 Constable alimpenda Maria Bicknell, binti wa mwanasheria wa London. Babu yake Maria, Dkt. Rhudde, alikuwa kasisi wa East Bergholt, mzee tajiri na mkali. Kwake mchoraji asiye na kipato hakuwa mtu wa kumwoza mjukuu wake, akatishia kumnyima Maria urithi. Wazazi nao wakasita. Kwa miaka 7 wawili hao wakawa wanaandikiana barua, mara nyingine wakikatazwa hata kuonana.

Miaka hiyo ndiyo Constable aliyotembea sana peke yake katika mashamba ya kwao, daftari dogo mfukoni. Alichora malango ya mto, vijia, ua na mti mmoja mmoja. Njia zile alikuwa amezipita akimfikiria Maria, na mahali penyewe pakaanza kubeba habari za moyo wake.

Baba yake alipofariki mwaka 1816, Constable akapata fungu la urithi lililotosha kuanzia maisha. Tarehe 2 Oktoba 1816 wakaoana katika kanisa la St Martin-in-the-Fields, lililo hatua chache tu kutoka mahali The Hay Wain ilipo leo. Rafiki yake mkubwa, kasisi John Fisher, ndiye aliyewafungisha ndoa.

Kijiji kilichochorwa kutoka mjini

Hapa kuna jambo ambalo wewe unayesoma ukiwa mbali na kwenu utalielewa upesi. Picha kubwa za mto Stour, ambazo zimempa Constable jina, hakuzichora kando ya mto. Alizichora London, baada ya kuoa na kuhamia huko moja kwa moja, akitumia madaftari yake ya zamani na kumbukumbu. Kadiri alivyokaa mbali ndivyo picha zilivyokua. Kuanzia mwaka 1819 alitumia turubai zenye upana wa karibu mita 2, ukubwa ambao wengine waliuweka kwa ajili ya wafalme na vita. Yeye akauweka kwa ajili ya farasi wa mashua na mkokoteni wa mkulima.

The Hay Wain ilioneshwa London mwaka 1821, ikakosa mnunuzi. Mfanyabiashara mmoja wa Paris akaichukua, na mwaka 1824 ikaoneshwa kwenye maonyesho makubwa ya Paris, ambako mfalme wa Ufaransa aliipa medali ya dhahabu. Wachoraji wa huko, akiwemo Delacroix, waliistaajabia. Constable mwenyewe hakuvuka bahari kwenda kuipokea sifa hiyo.

Kazi ya mawingu

Maria alikuwa na afya dhaifu, akisumbuliwa na kifua kikuu. Kuanzia mwaka 1819 Constable alikodi nyumba Hampstead, mlimani juu ya London, ili mkewe apate hewa safi. Kutoka huko anga lilionekana pana, na katika miaka ya 1821 na 1822 akalichora tena na tena, kwenye vipande vidogo vya karatasi, kwa rangi ya mafuta, haraka kabla mawingu hayajabadilika. Nyuma ya vipande vingi aliandika tarehe, saa, na upepo ulikotoka.

Kwa nini ajisumbue hivyo? Kwa sababu aliamini kwamba anga ndilo linalobeba hisia ya picha nzima. Chukua shamba lile lile na mti ule ule: chini ya jua la asubuhi panakuita ucheze, chini ya wingu zito panakufanya utafute pa kujificha. Wengi walidhani anga ni kitambaa cha kutundika nyuma ya miti. Kwa Constable anga lilikuwa ndiyo sauti yenyewe.

Mwaka wa msiba

Mapema mwaka 1828 baba yake Maria alifariki na kuwaachia pauni 20,000. Mashaka ya fedha yakaisha. Lakini tarehe 23 Novemba mwaka ule ule, Maria mwenyewe akafariki, akiacha watoto 7, mdogo wao akiwa hajatimiza mwaka. Constable akavaa nguo nyeusi mpaka mwisho wa uhai wake.

Februari 1829 akachaguliwa kuwa mwanachama kamili wa Royal Academy, kwa tofauti ya kura moja tu, akiwa na miaka 52. Heshima aliyoingoja miaka mingi ilimfikia wakati aliyetaka kuifurahia naye hayupo tena.

Mwaka huo alionyesha picha ya Hadleigh Castle, ngome iliyobomoka kwenye mlango wa mto Thames. Alikuwa amepita hapo mwaka 1814, enzi za uchumba, akachora kijipicha cha kalamu ya risasi. Kwa karibu miaka 15 hakukifanyia kitu. Msiba ulipompata, akakirudia. Tazama tofauti na mto wa utoto wake: mnara umepasuka, mchungaji na mbwa wake wanaonekana wadogo, ndege wanazunguka, na mwanga unapenya mawinguni vipande vipande. Rangi imepakwa kwa nguvu na haikulainishwa. Maria hayumo katika picha, wala jeneza, wala mtu anayelia. Kilichomo ni mahali tu, na huzuni yote imo humo.

Fisher ndiye aliyemtia moyo kuchora kanisa kuu la Salisbury likiwa katikati ya dhoruba. Picha ilioneshwa mwaka 1831. Juu ya kanisa kuna wingu jeusi na radi, na kando yake upinde wa mvua unaoshukia pale ilipokuwa nyumba ya Fisher. Rafiki huyo naye akafariki mwaka uliofuata.

Constable alifariki London tarehe 31 Machi 1837, akazikwa Hampstead pamoja na mkewe. Mwaka 1888 binti yake Isabel alilitolea taifa sehemu kubwa ya kazi alizoacha, vikiwemo vijipicha vya mawingu. Leo Flatford inatunzwa na shirika la National Trust, na ile nyumba ya The Hay Wain bado imesimama.

Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa. Constable hakukataa kwao, wala hakungoja kwao pawe maarufu ndipo apachore. Alipachora kwa sababu ndipo alipojulia furaha, kungoja na kupenda. Kwenu huenda ni Pangani, Lamu, Bukavu, au mtaa huu huu unaokaa sasa. Popote palipo, pana anga lake.

Maneno ya juma hili

Mandhari: sura ya mahali, kama mto, milima au mashamba.
Turubai: kitambaa kizito cha kuchorea picha.
Kinu: mtambo wa kusagia nafaka.
Gofu: jengo lililobomoka na kuachwa.

Kazi ya nyumbani

1. Mpigie simu bibi au babu, umwamkie, kisha umwulize anga la kwao linakuwaje masika yanapokaribia. Andika majibu yake kwa Kiswahili.
2. Andika sentensi 5 kuhusu mahali unapopapenda. Usitumie neno furaha wala huzuni. Acha miti, maji au mawingu yaseme.
3. Wazazi, mkipata nafasi wapelekeni watoto wakaione The Hay Wain. Waambieni waanze kutazama juu, kwenye anga, kabla ya kushuka kwenye mkokoteni.