William Coley: Daktari aliyeituma bakteria ipigane na saratani

Mwaka 1891 daktari kijana wa upasuaji jijini New York, William Coley, alimpoteza binti wa miaka 17. Saratani ilianzia mkononi, na hata kuukata mkono hakukusaidia.

Coley hakukata tamaa. Akapekua mafaili ya zamani ya hospitali, akakuta mgonjwa ambaye uvimbe wake wa shingoni uliyeyuka baada ya kupata maambukizi makali ya ngozi. Akamsaka mitaani. Miaka 7 imepita, na jamaa ni mzima!

Basi akaanza kuwadunga wagonjwa bakteria hai. Kuna ambao uvimbe uliyeyuka, na kuna waliouawa na maambukizi yenyewe. Ndipo akahamia kwenye bakteria waliouawa kwanza. Wenzake wengi walimpinga, tiba ya mionzi ikashika kasi, naye akafariki 1936.

Bintiye, Helen, akakusanya kumbukumbu zake zote. Mwaka 1975, Lloyd Old na wenzake wakatangaza kemikali inayoua uvimbe kwenye panya, ambayo mwili huitoa ukivamiwa na sumu ya bakteria. Ni aina ya saitokini, yaani ujumbe ambao seli hutumiana.

Kumbe bakteria walikuwa kengele tu. Aliyepigana ni kinga ya mwili.