Mtoro bin Mwinyi Bakari: Mwalimu Aliyekataliwa Kushuka Pwani ya Kwao

Miongoni mwa majina ambayo mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hukutana nayo mapema, kisha akayapita bila kuuliza zaidi, ni la Mtoro bin Mwinyi Bakari. Aghalabu hutajwa katika tanbihi kuwa ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya kitabu cha Desturi za Wasuaheli, na hapo habari zake hukoma. Makala hii inakusudia kumtazama mtu mwenyewe, hususan uamuzi wake wa kwenda kuishi na kufanya kazi Ujerumani akiwa angali kijana, na mambo yaliyofuata uamuzi huo.

Mtoro alizaliwa yapata mwaka 1869 katika kijiji cha Dunda, jirani na Bagamoyo. Wakati huo Bagamoyo ulikuwa mji wenye shughuli nyingi mno: misafara ya pembe ilikomea hapo ikitoka Tabora na Ujiji, wapagazi walijaa kwa maelfu msimu ulipofika, na mashua zilivuka kwenda Unguja kila siku. Kijana wa mahali hapo hakuhitaji kwenda mbali ili auone ulimwengu. Mtoro alipata elimu ya Kurani na ya dini, akawa mtu wa kalamu, na alijua vilevile njia za bara. Habari ya safari yake ya Udoe hadi Uzigua, pamoja na maelezo yake kuhusu mila za Wazaramo, zilichapishwa mwaka 1901 katika mkusanyo uitwao Safari za Wasuaheli.

Ujana wake ulikumbwa na mageuzi makubwa. Alikuwa na umri wa miaka kama kumi na tisa vita vya Abushiri vilipozuka pwani mwaka 1888. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889, na Wajerumani wakawa ndio wenye nchi. Mwaka 1891 waliuhamishia Dar es Salaam mji mkuu wa koloni lao, na Bagamoyo ikaanza kupungua hadhi. Kisha ikaja reli ya Waingereza kutoka Mombasa, iliyofika Nairobi mwaka 1899 na ziwani mwaka 1901, ikavuta upande wa kaskazini sehemu ya biashara iliyokuwa ikipita njia za zamani.

Hapa Syokimau, ninakoandikia makala hii, reli hiyo ina habari zake za kale. Mahali hapa pamepewa jina la nabii wa kike wa Wakamba, ambaye masimulizi humkumbuka kuwa aliota ujio wa nyoka mrefu wa chuma atakayekata nchi kutoka maji hadi maji. Wasimulizi wa Ukambani hukaza zaidi mambo yaliyoletwa na nyoka huyo. Bagamoyo nako ni miongoni mwa miji ambayo nyoka alipita mbali nayo, na pengo hilo halina budi kukumbukwa tunapowafikiria vijana waliotafuta riziki nje ya mji huo.

Tukirejea kwa Mtoro: mwaka 1900, akiwa na umri wa miaka kama thelathini na mmoja, alipanda meli kwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki. Chuo hicho kiliasisiwa mwaka 1887, na wanafunzi wake walikuwa zaidi maafisa, wafanyabiashara na wamisionari waliojiandaa kwenda makoloni. Aliyeongoza somo la Kiswahili huko alikuwa Carl Velten, aliyewahi kuwa mkalimani wa serikali Dar es Salaam na ndiye aliyeuhariri mkusanyo wa safari tuliokwisha kuutaja.

Je, Mtoro aliichagua Ujerumani? Swali hili si jepesi. Kijana wa leo anayetaka kwenda ng'ambo hulinganisha nchi na nchi: mshahara, viza, baridi, lugha, ndugu aliyetangulia. Hapa Syokimau ndege za uwanja wa Jomo Kenyatta hazikauki angani, na mazungumzo ya vijana kuhusu Ghuba, Kanada na Ujerumani hayakauki vilevile, hasa tangu Kenya na Ujerumani zilipotia saini mkataba wa ajira na uhamaji mjini Berlin mwezi Septemba 2024. Mtoro hakuwa na orodha kama hiyo. Kwa mtu wa Bagamoyo mwaka 1900, nchi ya nje iliyomhitaji kwa ajili ya elimu yake, ikawa tayari kumlipa, ilikuwa ile ile iliyomtawala. Hata hivyo si kweli kwamba alichukuliwa kama mzigo. Walikuwapo waliomtangulia, na mfano wao ulikuwa wa kutia moyo: Amur bin Nasur wa Unguja alifundisha katika Seminari hiyo tangu 1891 hadi 1895, kisha akarudi kwao salama. Kwa maoni yangu, Mtoro alikwenda akitazamia mkondo uo huo, yaani kazi ya miaka michache, akiba kidogo, na marejeo yenye heshima.

Kazi yenyewe ilikuwa na uzito wake na udhalili wake. Sarufi ilifundishwa na Mjerumani. Mswahili aliitwa msaidizi wa lugha, akitamka, akisahihisha matamshi, akizungumza na wanafunzi na kuwapa matini. Lakini ni katika miaka hiyo ya unyonge wa cheo ndipo lilipotoka jambo linalomfanya akumbukwe. Mwaka 1903 kilichapishwa Göttingen kitabu cha Desturi za Wasuaheli, pamoja na tafsiri yake ya Kijerumani. Humo mna habari za uzazi na malezi, jando, harusi, ngoma, pepo, utumwa, madeni, urithi, safari na sheria, zikielezwa kwa Kiswahili cha mrima kilicho wazi na kisicho na haraka. Wachangiaji walikuwa zaidi ya mmoja, ila mkono wa Mtoro ndio uliofanya sehemu kubwa. Jina lililowekwa mbele kama la mwenye kitabu lilikuwa la Velten.

Sisi tunaosoma fasihi twapaswa kukitazama kitabu hiki kwa jicho la pili. Ni kazi ya mtu anayeeleza kwao akiwa mbali na kwao, akiwaeleza watu wanaojiandaa kwenda kumtawala ndugu yake. Lau angalibaki Dunda, huenda asingaliona haja ya kuandika jinsi mtoto anavyopewa jina au jinsi mgeni anavyokaribishwa, kwa kuwa kila jirani aliyajua hayo.

Mwaka 1904 Mtoro alimwoa Bertha Hilske, mwanamke wa Kijerumani aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda. Ndoa ilikuwa halali kwa sheria ya Ujerumani yenyewe. Haikuwa halali katika fikira za watu wengi waliomzunguka. Mahusiano yake na baadhi ya wanafunzi, ambao hawakutaka kumheshimu mwalimu Mwafrika, yaliharibika, na mwaka 1905 kazi yake katika Seminari ikakoma. Aliamua kurudi kwao pamoja na mkewe.

Hapo ndipo maisha yake yalipogeuka. Walisafiri kwa meli hadi pwani ya Afrika Mashariki, lakini serikali ya koloni, chini ya Gavana von Götzen, ilikataa kumruhusu ashuke pamoja na mke wake mzungu. Kwa watawala, kumwona mwanamke wa Kijerumani akiishi Bagamoyo kama mke wa Mswahili kungalivunja mpaka ambao utawala wote uliutegemea. Mwaka huohuo ndoa za namna hiyo zilipigwa marufuku katika koloni la Kusini Magharibi mwa Afrika, na mwaka 1906 marufuku ikafika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mwaka 1905 pia ndio uliozuka vita vya Maji Maji, na serikali haikuwa na moyo wa kulegeza chochote. Mtoro aliyekwenda ng'ambo kwa hiari alirudishwa ng'ambo kwa nguvu, macho yake yakiitazama nchi aliyozaliwa.

Hakunyamaza. Alipeleka malalamiko kwa wakuu wa Ujerumani akidai haki yake ya kurejea kwao na mkewe. Hakufaulu. Njia moja ilibaki wazi kwake, nayo ni kumwacha Bertha, hakuifuata. Waandishi wengi wa habari zake hulipita jambo hili kwa haraka. Mimi naona ndilo lililo zito kuliko yote, kwa sababu safari hii alichagua kweli kweli, naye alijua bei.

Mtu mwingine wa pwani aliyewahi kuishi Ujerumani alikuwa Salme binti Said wa Unguja, aliyejulikana huko kama Emily Ruete. Yeye alitoroka mwaka 1866, akafika Hamburg mwaka 1867, na mara mbili alirudi Unguja kudai urithi wake bila mafanikio. Alikuwa binti wa Sultani, Mtoro mwana wa kijiji, na mlango uliwafungia wote wawili, ingawa kila mmoja ulifungwa na mkono tofauti.

Kuanzia mwaka 1909 hadi 1913 Mtoro alipata tena kazi ya kufundisha, mara hii katika Taasisi ya Kikoloni ya Hamburg, alikokuwa Carl Meinhof, mtaalamu wa lugha za Kibantu. Baadaye alirudi Berlin, akawa anatoa mihadhara kuhusu Afrika Mashariki ili apate riziki. Vita vya Kwanza vya Dunia vilimkuta huko. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliinyang'anya Ujerumani makoloni yake, na Bagamoyo ikawa chini ya Waingereza. Mtoro alifariki Berlin mwaka 1927.

Mwalimu mwingine wa Kiswahili aliyefundisha katika chuo hichohicho miaka ya 1930, Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, naye alioa Mjerumani. Alikamatwa na Manazi mwaka 1941 na kufa katika kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944.

Desturi za Wasuaheli ilitafsiriwa kwa Kiingereza na J.W.T. Allen na kuchapishwa California mwaka 1981. Katika anwani ya chapa hiyo jina la Mtoro bin Mwinyi Bakari limetajwa kama la mwandishi, miaka hamsini na minne baada ya kuzikwa kwake.