Ukirusha video ya njia za Kibera, mkumbuke huyu mtoto wa fundi viatu

Umetembea kutoka Kawangware ukifuata Naivasha Road, ukaingia Ngong Road, ukatokea Toi Market, Kibera. Simu imerekodi kila hatua. Jioni unaitia njia hiyo kwenye programu ya ramani, na video inaanza kupaa juu ya mabati kama mwewe. Tamu, ama? Kabla hujaiposti, hebu mjue Gerardus Mercator.

Alizaliwa Machi 5, 1512, kijijini Rupelmonde, nchi ambayo leo ni Ubelgiji. Babake alikuwa fundi viatu, na pesa nyumbani zilikuwa za kubahatisha. Mjomba wa ukoo, kasisi, ndiye aliyemsomesha. Alipoingia Chuo Kikuu cha Leuven mwaka 1530, aliandikishwa miongoni mwa wanafunzi maskini. Huko alijifunza hesabu, kuchonga ramani kwenye shaba na kuunda tufe za dunia.

Usidhani mambo yalinyooka. Mwaka 1544 alikamatwa kwa madai ya uzushi wa kidini. Alikaa ndani kama miezi saba, tena katika ngome ya kijiji alikozaliwa. Baadhi ya waliokamatwa katika msako huo waliuawa. Yeye alitoka salama, na mwaka 1552 akahamia Duisburg, Ujerumani.

Huko ndiko alikotoa ramani yake ya mwaka 1569, yenye kurasa 18 na upana wa mita 2 hivi. Mabaharia walikuwa na shida: dunia ni mviringo, karatasi ni bapa. Mercator aliivuta ramani kadiri unavyoiacha ikweta, ili pembe zisiharibike. Ukishika upande mmoja wa dira, njia yako inakuwa mstari mnyoofu.

Ujanja huohuo, baada ya kufanyiwa marekebisho, ndio unaotumika kwenye ramani bapa nyingi za simu. Ndiyo maana kona ya kichochoro chenu inabaki kona ilevile hata ukiivuta karibu kiasi gani.

Lakini kuna bei. Greenland huonekana kama inatoshana na Afrika, ilhali Afrika ni kubwa mara 14 hivi. Mwaka 2025 Umoja wa Afrika uliunga mkono kampeni ya kuiacha ramani hiyo.

Mercator alifariki Desemba 2, 1594. Mwaka uliofuata mwanawe Rumold alichapisha kitabu chake cha ramani, kikiitwa Atlas. Jina hilo unalijua tangu shule ya msingi.

Sasa, kazi ni kwako. Hadi mwaka 2009 ramani za kidijitali zilikuwa karibu tupu pale Kibera ilipo. Vijana wa mtaani wakashika vifaa vya GPS, wakatembea, wakachora vichochoro, vyoo, shule na zahanati kupitia mradi wa Map Kibera. Mchoraji ndiye huamua nani anaonekana na kwa ukubwa gani. Wewe wa Kawangware, ile njia ya mkato unayopita kila siku iko kwenye ramani? Kama haiko, simu unayo na miguu unayo. Itembee, uichore, ndipo uirushe hiyo video.