Paul Kipkoech: Mtu wa Pili Anayetufunza Kupanga Kikosi

Hapana gumzo linaloshika moto upesi katika shule zetu za Meru na Embu kama gumzo la kandanda. Mwalimu wa hisabati na mwenzake wa historia, ambao hawajapata kuafikiana hata juu ya ratiba, huungana ghafla siku ya Jumatatu kumlaumu kocha aliyemwacha fulani kwenye benchi. Wanafunzi nao hupanga vikosi vya Harambee Stars na vya klabu za Uingereza kwenye kurasa za nyuma za madaftari yao. Sisemi haya kwa kuwabeza. Mimi mwenyewe ni shabiki, tena wa kupiga kelele.

Hata hivyo, ninayo shutuma dhidi yetu sote. Katika mabishano hayo yote huwa tunauliza swali moja tu: nani atatufungia bao? Tunamtafuta shujaa mmoja. Akipatikana tunambeba juu juu, na akikosekana tunasema timu imekufa. Ni nadra kusikia mtu akiuliza nani atakaba, nani atakimbia pasipo mpira ili mwenzake apate nafasi, au nani atajaza pengo mchezaji wa kutegemewa akiumia. Leo nataka kulijibu swali hilo tusilouliza kwa kusimulia maisha ya Mkenya ambaye hakuwa mwanakandanda kamwe, na ambaye vijana wengi wa leo hawalijui jina lake. Naye ni marehemu Paul Kipkoech.

Kipkoech alizaliwa Januari 1963 huko Nandi, nchi ya vilima na majani ya chai. Ulimwengu ulianza kumtambua katika Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles ya mwaka 1984, alipomaliza wa tano katika fainali ya mita 5000. Nafasi ya tano haileti nishani wala haipigiwi ngoma uwanja wa ndege. Kwa kijana wa miaka 21, hata hivyo, ilikuwa dalili ya mvua.

Mwaka uliofuata, 1985, alikwenda Lisbon, Ureno, kwa mashindano ya dunia ya mbio za nyika. Huko alikutana na Carlos Lopes, mwenyeji wa mashindano na bingwa wa Olimpiki wa marathoni, akikimbia mbele ya watu wake. Lopes alishinda, na Kipkoech akafika sekunde chache tu nyuma yake. Katika hesabu ya timu, Kenya ilikuwa ya pili, kwani Ethiopia ndiyo iliyokuwa imeshikilia ubingwa huo tangu 1981. Hivyo basi Kipkoech alirudi nyumbani akiwa wa pili peke yake, na wa pili pamoja na wenzake.

Hapa ndipo mambo yalipoanza kubadilika. Mwaka 1986, mjini Neuchâtel, Uswisi, Kenya ilitwaa ubingwa wa timu ya wanaume kwa mara ya kwanza, na Kipkoech alikuwamo kikosini. Aliyeshinda mbio zenyewe alikuwa kijana mrefu mwenye hatua za kuruka, John Ngugi. Mwaka 1987, mjini Warsaw, Ngugi alishinda tena, na wa pili akawa Kipkoech. Mwaka 1988, mjini Auckland, New Zealand, Ngugi alishinda kwa mara ya tatu mfululizo, na wa pili, naam, akawa Kipkoech. Nishani tatu za fedha katika miaka minne! Wengi wetu tungekwisha kumwita mtu wa mkosi, na kudai atolewe kikosini ili apewe nafasi mwingine mwenye nyota.

Wapenda hisabati wanisikilize hapa. Katika mbio za nyika za wakati ule, timu ya wanaume ilihesabiwa kwa kujumlisha nafasi za wakimbiaji wake sita wa kwanza, na yenye jumla ndogo ndiyo iliyoshinda. Mjini Auckland, Wakenya wanane walikuwa miongoni mwa watu tisa wa kwanza. Mgeni pekee aliyejipenyeza kati yao ni Muethiopia Abebe Mekonnen, aliyekuwa wa tano. Wakenya sita waliohesabiwa walishika nafasi ya 1, 2, 3, 4, 6 na 7. Jumla yake ni 23, na jumla ndogo kabisa inayowezekana ni 21.

Sasa mwondoe Ngugi. Tuseme aliumwa asubuhi ya mashindano, bingwa wa dunia akabaki kitandani. Wengine wote wangesogea mbele nafasi moja moja, na mkimbiaji wa saba wa Kenya angeingia katika hesabu. Nafasi zingekuwa 1, 2, 3, 5, 6 na 7, ambazo jumla yake ni 24. Bingwa wa dunia ameondoka, na timu imepoteza pointi moja! Sijui hesabu nyingine inayoeleza vizuri zaidi maana ya kikosi. Hiyo haikuwa timu ya Ngugi na wasindikizaji wake. Ilikuwa timu ambayo mtu wa pili, wa nne na hata wa nane aliandaliwa kwa uzito uleule aliopewa wa kwanza.

Haya hayakutokea kwa bahati. Mkufunzi wa timu ya taifa katika miaka ile, Mike Kosgei, alishikilia kwamba wakimbiaji waishi pamoja kambini kabla ya mashindano, wale pamoja na kukimbia pamoja. Kwa miongo kadhaa kambi ya timu ya taifa ya nyika imekuwa hapa petu, katika Chuo cha Walimu cha St. Mark's, Kigari, kwenye miteremko ya Mlima Kenya juu ya mji wa Embu. Mabingwa wa dunia wamelala katika mabweni ya walimu wanafunzi na kupanda vilima vyekundu vinavyopita katikati ya majani ya chai na mibuni, huku watoto wa shule wakiwakimbilia nyuma. Kuanzia 1986 hadi 2003 timu ya wanaume wa Kenya haikushindwa katika mashindano hayo hata mara moja. Ni ubingwa wa miaka 18 mfululizo. Tunasafirisha fikira zetu hadi London na Madrid kutafuta siri ya kupanga timu, ilhali somo lenyewe limekuwa likipita kila mwaka mbele ya milango yetu likiwa na jasho usoni.

Turudi kwenye kandanda, maana sijaisahau. Agosti 1987 Nairobi iliandaa Michezo ya Afrika, na uwanja mpya wa Kasarani ukafurika. Harambee Stars, chini ya mkufunzi Mjerumani Reinhard Fabisch, walifika fainali na kushindwa na Misri bao moja kwa nunge. Kidonda hicho hakijapona. Wazee wa rika langu wangali wanabishana nani angeingizwa na nani angetolewa, kana kwamba badiliko la mtu mmoja lingegeuza historia. Katika michezo hiyohiyo, Kipkoech alishinda dhahabu ya mita 10,000. Ni wangapi kati yetu wanaolikumbuka hilo? Tunalilia bao tulilofungwa, na ushindi tulioupata tumeutupa.

Mwisho wa mwezi uleule alikuwa Roma kwa mashindano ya dunia ya riadha. Katika fainali ya mita 10,000 alimkabili Francesco Panetta, Mwitalia aliyesukumwa na kelele za umati wa nyumbani kwake. Kipkoech alimwacha, na kukata utepe kwa dakika 27 na sekunde 38.63, zaidi ya sekunde kumi mbele yake. Ndiye Mkenya wa kwanza kabisa kushinda dhahabu katika mashindano ya dunia ya riadha. Siku zilizofuata Billy Konchellah alishinda mita 800 na Douglas Wakiihuri akashinda marathoni, lakini mlango ulifunguliwa na Kipkoech. Yule aliyezoea kuwa wa pili nyuma ya Ngugi kwenye nyika ndiye aliyekuwa wa kwanza kwa taifa zima.

Tena tazameni alichofanya baadaye. Baada ya Roma alikuwa bingwa wa dunia, na angeweza kusema kwamba sasa yeye si wa kumfuata mtu. Miezi michache baadaye alikwenda Auckland, akakimbia mbio zake kwa bidii ileile, akawa wa pili tena, na zile pointi zake mbili zikaingia katika ile hesabu ya 23. Katika kandanda yetu, mchezaji akifunga mabao mawili ya kirafiki anaanza kudai jezi namba kumi na kuteua nani ampe pasi.

Najua pingamizi litakaloletwa. Mtu ataniambia kwamba riadha si kandanda. Kwenye nyika, saa na mstari wa mwisho ndivyo vinavyoteua, na hapana awezaye kubishana navyo. Uwanjani, jicho la kocha ndilo linaloteua, na jicho lina ndugu, lina klabu linayoipenda, lina kabila. Pingamizi hilo ni la haki, na sitalikwepa. Kwa kweli ndilo kiini cha hoja yangu. Kwa sababu kandanda haina saa ya kuteua wachezaji, kocha ana wajibu wa kuiunda yake. Aandike. Katika kila mechi ya majaribio ahesabu pasi zilizofika, mipira iliyonyakuliwa, mara ambazo beki alirudi nyuma kwa wakati, dakika ambazo kiungo alikimbia bila kulalamika. Daftari la shilingi chache na kalamu vyatosha. Jicho likiulizwa, daftari lijibu.

Hili si la Harambee Stars pekee. Ninayaona mashindano ya shule za upili katika wilaya zetu za zamani, kuanzia Embu hadi Meru, na ninaona jinsi vikosi vinavyopangwa. Mfungaji mabao hupewa ruhusa ya kukosa mazoezi. Mwanafunzi anayekaba vizuri, ambaye jina lake halitajwi kwenye gwaride la Ijumaa, huachwa nyumbani ili nafasi yake katika basi apewe mwana wa mtu fulani. Kijana huyo hapotezi safari tu. Kwa wengine, mashindano hayo ndiyo dirisha pekee la kuonekana na klabu, kupata karo au kazi. Mwalimu anapokunja karatasi ya majina na kuiweka mfukoni, ameshika maisha ya mtoto wa watu. Na mtoto aliyeachwa kwa upendeleo hujifunza somo ambalo halimo katika silabasi: kwamba bidii ni ya wajinga.

Haya si ndoto za mchana. Agosti 2025, katika Kasarani ileile, kikosi cha Kenya cha wachezaji wanaocheza katika ligi ya nyumbani kiliishinda Morocco bao moja kwa nunge katika michuano ya CHAN, na kufika robo fainali kabla ya kutolewa na Madagascar kwa mikwaju ya penalti. Morocco hao hao ndio waliolibeba kombe hatimaye. Hakikuwa kikosi cha nyota mmoja kutoka Ulaya. Kilikuwa kikosi cha watu wa pili na wa tatu waliokaa pamoja, wakafunzwa pamoja na kukabana pamoja. Ushindi ule ulinifurahisha kama shabiki. Ulinifurahisha zaidi kwa kuwa ulikuwa na harufu ya Kigari.

Kipkoech hakuishi kuona matunda yote ya kazi yake. Katika Olimpiki ya Seoul ya 1988, Ngugi alishinda dhahabu ya mita 5000, lakini bingwa wa dunia wa mita 10,000 hakuwa miongoni mwa waliorudi na nishani. Aliaga dunia Machi 1995, akiwa na umri wa miaka 32 tu, umri ambao wakimbiaji wengi wangali barabarani. Wakati huo Kenya ilikuwa ingali inaendelea kushinda kwenye nyika kila mwaka, kwa mbinu ambayo yeye alikuwa mmoja wa matofali yake ya kwanza.

Nawaomba walimu wa Meru na Embu, hasa mliofunzwa pale Kigari, jambo moja. Mwakani mnapopanga timu za shule, liandikeni jina la Paul Kipkoech ubaoni pamoja na zile namba sita za Auckland, kisha wapeni wanafunzi hesabu ya kumwondoa bingwa. Wakishaipata ile 24, waulizeni: je, timu yetu ikimpoteza mfungaji wake, itapoteza pointi ngapi? Jibu likiwa ni zote, basi hamna timu. Mna mtu mmoja na watazamaji kumi waliovaa jezi. Chukueni daftari, mrudi uwanjani, mkawatafute akina Kipkoech wenu. Wamo, nao wanangoja kuitwa.