Ibn al-Haytham: Mwanachuoni aliyekijua kikomo

Maji ya ziwa letu tunayoyaona kila siku kutoka vilima vya Mwanza hayabaki hapa. Hutoka ziwani pale Jinja, nchini Uganda, yakashika njia ya Mto Nile, yakaungana na maji ya milima ya Ethiopia, kisha yakaingia Misri. Ijumaa hii tunamzungumzia mwanachuoni aliyetumwa kuutawala mto huo miaka elfu moja iliyopita, akashindwa, na baada ya kushindwa akaandika kazi zilizomfanya akumbukwe hadi leo. Tunawalenga hasa vijana wetu wa Nyakato na kwingineko wanaojiandaa kusomea uhandisi, pamoja na wazazi wanaowagharimia.

Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham alizaliwa Basra, nchini Iraq, mnamo mwaka 354 Hijria, sawa na 965 Miladia. Zama hizo vitabu vya Wayunani kama Euclid na Ptolemy vilikuwa vimekwishafasiriwa kwa Kiarabu, naye akavisoma kwa bidii kubwa. Hata hivyo hakuwa mtu wa kupokea kila alichokikuta kimeandikwa. Baadaye alitunga kitabu kizima cha kuonyesha mashaka yaliyomo katika maandishi ya Ptolemy, ingawa mtu huyo alikuwa ameheshimiwa kwa karne nyingi.

Mwanahistoria Ibn al-Qifti, aliyefariki mwaka 1248, anasimulia kwamba habari zilimfikia Khalifa al-Hakim wa Misri kuwa yuko mtu Iraq anayedai kuwa angeweza kuupangia Mto Nile utaratibu, ili usizidi wala usipungue kwa madhara ya watu. Khalifa akamwita, akampokea kwa heshima, akampa mafundi na kumtuma kusini. Alipofika kwenye maporomoko karibu na Aswan, akayatazama majengo makubwa ya watu wa kale na ustadi wa vipimo vyao, akatambua kwamba lau jambo hilo lingewezekana kwa nyenzo zilizokuwapo, wao wangekwishalifanya. Akarudi Cairo kukiri kuwa haliwezekani.

Tuzingatie uzito wa hatua hiyo. Al-Hakim alikuwa mtawala aliyeogopwa, mwepesi wa kuua. Alimpa Ibn al-Haytham kazi ya ofisini, lakini mwanachuoni huyo hakuwa na amani. Kwa masimulizi hayohayo, alijifanya mwendawazimu, mali yake ikawekwa chini ya usimamizi, naye akazuiliwa nyumbani mpaka Khalifa alipotoweka mwaka 1021. Ndipo akaonyesha kuwa akili zake ni timamu, akakaa karibu na mlango wa msikiti wa al-Azhar. Riziki yake aliipata kwa kunakili vitabu vya hesabu na falaki kwa mkono wake, akiviuza kwa dinari 150 kwa mwaka.

Wengi wanamfahamu kwa kitabu chake cha elimu ya nuru, Kitab al-Manazir, chenye sehemu saba, ambacho Ulaya ilikisoma kwa Kilatini na kumwita mwandishi wake Alhazen. Lakini iko risala yake nyingine isiyotajwa sana, nayo ndiyo inayowahusu wanafunzi wa uhandisi. Humo alitafuta ujazo wa umbo linalopatikana kwa kuuzungusha mkunjo uitwao parabola. Nusu ya umbo hilo tunaweza kuifananisha na kuba la msikiti lenye ncha: pana chini, kisha linajikunja hadi nukta moja juu.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa mambo mawili mapema: fankisheni na limiti. Wengi huyakariri bila kuyaelewa. Tuyatazame kupitia kuba hilo. Kwa kila kimo utakachokitaja, kuba lina upana mmoja tu. Taja kimo, upana utajulikana. Uhusiano huo, ambapo kiasi kimoja kikitolewa kingine hupatikana bila utata, ndio fankisheni.

Sasa chukua pipa la mcheduara la lita 300, ambalo kuba hilo linaingia ndani yake barabara. Likate kuba vipande 10 vya unene sawa. Badala ya kila kipande weka sahani ya duara iliyo kubwa kidogo kuliko kipande; jumla ya sahani zote ni lita 175. Kisha weka sahani zilizo ndogo kidogo; jumla ni lita 145. Basi ujazo wa kweli uko katikati, na tofauti ni lita 30. Kata vipande 100, tofauti inabaki lita 3. Kata 1,000, inabaki sehemu 3 za kumi za lita. Tofauti hiyo unaweza kuifanya ndogo kuliko kiasi chochote atakachokutajia mtu. Jumla zote mbili, ya juu na ya chini, zinaikaribia lita 160. Hiyo 160 ndiyo kikomo, yaani limiti.

Ibn al-Haytham alithibitisha kwamba ujazo huo ni sehemu 8 kati ya 15 za mcheduara, na ili afike hapo alilazimika kupata kanuni ya kujumlisha namba zilizopandishwa kipeo cha nne. Hatusemi kuwa yeye ndiye aliyeivumbua kalkulasi. Newton na Leibniz waliijenga karne ya 17, na maana kamili ya limiti ikakamilishwa karne ya 19. Tunachosema ni kwamba njia hiyo aliipita mapema, kwa uthibitisho na si kwa kubahatisha.

Alifariki Cairo mnamo mwaka 430 Hijria, karibu 1040 Miladia. Bwawa Kuu la Aswan lilikamilika mwaka 1970, zaidi ya miaka 900 baada yake, na kabla ya hapo, mwaka 1954, lile la Jinja lilikwishafunguliwa. Alilolishindwa yeye likafanywa na waliokuwa na saruji, chuma, mitambo na hesabu.

Basi mzazi, mwanao akikwambia kuwa hesabu za uhandisi ni ngumu, usimwambie akariri tu apate cheti. Mwambie akae na swali moja mpaka alielewe. Daraja hubebwa na vipimo vya kweli, na mhandisi asiyejua mahali ujuzi wake unapokomea huwahatarisha wanaopita juu yake. Ibn al-Haytham aliufika ukomo wake pale Aswan, akautamka mbele ya mtawala wa kuogopwa. Mwenyezi Mungu amrehemu.