Maisha ya Isaac Newton na Somo la Rangi za Udongo

Katika makala haya tumekusudia kueleza kwa ufupi maisha ya Isaac Newton, mtaalamu wa Uingereza aliyefariki mwaka 1727, na kuonyesha jinsi kazi yake juu ya mwanga inavyoweza kumfaa mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi. Wengi wetu tumezoea kumtaja Newton katika habari za mvutano wa dunia tu. Hapa tutamtazama kwa upande mwingine, yaani kama mtu aliyeuliza kwa nini vitu vina rangi, akalichunguza swali hilo kwa mwanga wa jua na unga wa madini.

Swali hilo si geni kwa mtoto wa Mpapura, mkoani Mtwara. Chini ya mikorosho huona udongo mwekundu. Afikapo pwani ya Msimbati huona mchanga mweupe. Na katika mikoko ya maingilio ya Mto Ruvuma hukuta tope jeusi. Aulizapo sababu, aghalabu hupewa sentensi moja ya kukariri. Sentensi hiyo yaweza kumpatia alama katika mtihani, lakini haimfundishi kuuchunguza udongo ambao kesho utamlisha. Hilo ndilo pengo ambalo maisha ya Newton yanaweza kutusaidia kuliziba.

Newton alizaliwa tarehe 25 Desemba 1642, kwa kalenda iliyotumika Uingereza wakati huo, katika kijiji cha Woolsthorpe. Baba yake, aliyekuwa mkulima, alikuwa amefariki miezi mitatu kabla ya kuzaliwa kwake. Alipokuwa na umri wa miaka mitatu mama yake aliolewa tena na kumwacha kwa bibi yake. Baadaye alipelekwa shule katika mji wa Grantham, lakini mama yake alimwondoa ili asimamie shamba. Kazi hiyo hakuiweza, kwa kuwa mawazo yake yalikuwa katika vitabu na katika vyombo alivyojiundia mwenyewe. Mjomba wake na mwalimu mkuu wa Grantham walimshawishi mama huyo amrudishe shuleni. Tukumbuke basi kwamba mwalimu mmoja aliyetambua kipawa cha mtoto alikuwa na sehemu katika yote yaliyofuata.

Mwaka 1661 Newton aliingia Chuo cha Trinity, Cambridge. Kwa kuwa alikuwa na fedha kidogo, alijilipia masomo kwa kuwatumikia watu waliomzidi uwezo. Mwaka 1665 chuo kilifungwa kwa sababu ya tauni, naye akarejea kijijini. Katika miaka hiyo alizama katika hesabu na katika uchunguzi wa mwanga.

Wakati ule wataalamu wengi waliamini kwamba mwanga mweupe ni kitu kimoja safi, na kwamba rangi hutokea mwanga unapochafuliwa na vitu unavyopitia. Newton aliziba dirisha la chumba, akaacha tundu dogo, akaupitisha mwali wa jua katika mche wa kioo, yaani kipande cha kioo chenye pembe tatu. Ukutani zikatokea rangi za upinde wa mvua. Hakuishia hapo. Alichukua rangi moja peke yake na kuipitisha katika mche wa pili. Rangi ile haikubadilika. Hivyo alionyesha kwamba kioo hakiumbi rangi, bali hutenganisha rangi zilizokuwamo tayari katika mwanga mweupe.

Ndipo alipoligeukia swali la vitu vyenyewe. Alichukua unga mwekundu unaotokana na madini ya risasi, pamoja na unga wa buluu waliotumia wachoraji, akaviweka katika rangi moja baada ya nyingine. Katika mwanga mwekundu unga mwekundu uling'aa sana. Katika mwanga wa buluu ulionekana wa buluu, lakini hafifu. Unga wa buluu ulifanya kinyume chake. Alihitimisha kwamba kila kitu huonekana kwa rangi ya mwanga ule inaourudisha kwa wingi zaidi. Kurudisha mwanga huku ndiko kunakoitwa kuakisi.

Katika jaribio jingine alichanganya unga wa rangi mbalimbali hadi akapata rangi ya kijivu. Aliuweka mchanganyiko huo juani na karatasi nyeupe kivulini, navyo vikaonekana kukaribiana. Hivyo kijivu ni weupe uliopungukiwa na mwanga. Mwanachuo na azingatie jambo hili: ili kukadiria mwanga unaoakisiwa na kitu, lazima tukilinganishe na kitu cheupe, tena katika mwanga ulio sawa.

Mwaka 1669 Newton alifanywa profesa wa hesabu, na mwaka 1672 habari zake juu ya rangi zilitangazwa na Chama cha Kifalme cha London. Robert Hooke alizipinga, na ubishi huo ulimchukiza Newton kiasi cha kutotaka kutangaza mengi zaidi. Kitabu chake kikubwa juu ya mwendo na mvutano kilitoka mwaka 1687, lakini kile cha mwanga kilitoka mwaka 1704, mwaka mmoja baada ya kifo cha Hooke. Hapa hatumsifu, kwani elimu iliyofichwa kwa sababu ya chuki humnyima msomaji haki yake. Tangu mwaka 1696 alifanya kazi katika kiwanda cha serikali cha kutengeneza sarafu, na mwaka 1703 akawa rais wa Chama kile. Alifariki Machi 1727 akiwa na umri wa miaka 84, akazikwa Westminster Abbey.

Waliomfuata waliendeleza njia hiyo. Mwaka 1800 William Herschel aliweka kipimajoto nje kidogo ya rangi nyekundu ya mche, akagundua mwanga usioonekana kwa macho. Leo vyombo hupima mwanga unaoonekana na usioonekana unaoakisiwa na mashapo, yaani mchanga, tope na udongo uliotuama, na kuulinganisha na kibao cheupe. Madini ya chuma yaitwayo hematiti humeza mwanga wa buluu na kijani na kurudisha mwekundu. Gothaiti huupa udongo rangi ya manjano. Na madini ya ufinyanzi yaitwayo kaolini hutambulika kwa mwanga unaomezwa katika sehemu tusiyoiona. Mashapo ya mkoa wetu yamechunguzwa kwa muda mrefu: mwanajiolojia Mjerumani Bornhardt aliyaeleza katika kitabu cha mwaka 1900, na majina ya Mikindani na Makonde yangali yakitumiwa na wataalamu kutaja matabaka yake.

Shule ya msingi haina vyombo hivyo, lakini njia ya Newton iko ndani ya uwezo wake. Tunapendekeza somo lifuate hatua hizi.

Kwanza, wanafunzi walete udongo mwekundu, mchanga mweupe na tope la mikoko. Vyote vianikwe, vipondwe na kuchekechwa, kisha vitandazwe juu ya karatasi. Wamwagie maji nusu ya kila fungu. Wataona kwamba sehemu yenye maji inakuwa nyeusi zaidi, ingawa madini hayakubadilika. Hivyo watajifunza kwamba vitu hulinganishwa katika hali moja.

Pili, chumba kitiwe giza na kuachwa tundu dogo la jua. Kwa kukosa mche, beseni la maji lenye kioo cha kujitazamia kilichoinamishwa ndani yake litatoa rangi za upinde wa mvua. Rangi hizo ziangukie karatasi nyeupe iliyotandazwa udongo mwekundu nusu yake. Katika sehemu nyekundu udongo utakaribia kung'aa kama karatasi. Katika sehemu ya buluu utaonekana mweusi. Mwalimu awaonye watoto wasilitazame jua wala mwali wake. Newton mwenyewe alilitazama jua katika kioo, akalazimika kukaa gizani siku kadhaa hadi macho yake yakatulia.

Tatu, wanafunzi wafundishwe mipaka ya rangi. Mchanga mweupe waweza kuwa wa chembe ngumu za kwatzi au wa vipande vya matumbawe na makombe, na macho yakashindwa kutofautisha. Tone la ndimu au siki litasaidia: wenye chokaa utatoa povu. Vilevile hematiti kidogo tu hutosha kuupaka wekundu udongo mwingi, kwa hiyo wekundu si dalili ya wingi wa chuma.

Tope la mikoko ndilo fundisho kubwa zaidi. Weusi wake humfanya mtu adhani lina rotuba tele kwa kilimo. Lakini weusi huo hutokana na mabaki ya mimea pamoja na chuma kilichoungana na salfa mahali pasipo hewa. Mara nyingi tope la namna hiyo likikaushwa huwa na asidi kali inayodhuru mazao. Mkulima aliyekata mikoko kwa kuiamini rangi peke yake hupoteza mikoko na mavuno pamoja.

Kwa hiyo tunawaasa wanachuo wasilifundishe jina la Newton kama jambo la kukariri. Wafundishe alivyofanya: aliuliza, akajaribu, akalinganisha, kisha akajaribu tena kwa njia nyingine kabla ya kuamini. Mtoto wa Mpapura atakayejifunza hayo kwa udongo wa kwao atakuwa na elimu ya kumfaa shambani, hata kama hatagusa mche wa kioo maisha yake yote.