Florence Nightingale: tuiache ile taa kidogo

Wadau, kila tarehe 12 Mei tunaona picha za manesi wameshika mishumaa. Ni kumbukumbu ya Florence Nightingale, yule mwanamama wa Uingereza aliyezunguka wodini usiku na taa. Mimi nilimjua kwa hiyo taa tu. Kumbe kazi ya taa ilichukua chini ya miaka miwili! Baada ya hapo ni miaka zaidi ya thelathini ya kubanana na wakubwa kwa makaratasi, mingi akiwa kitandani.

Nimemkumbuka kwa sababu zangu. Kuna wakati mimi na vijana wenzangu tulifuatilia zahanati moja isiyo na maji, kina mama wanakuja kujifungua na ndoo kutoka nyumbani. Tulipeleka barua. Tukaambiwa faili liko kwa mkubwa, mkubwa yuko semina. Tulipigwa kalenda miezi tisa, wenzangu wakachoka. Na mimi nikachoka.

Basi huyu mama alizaliwa 1820 mjini Florence, Italia, ndiko lilikotoka jina lake. Kwao walikuwa nazo. Aliposema anataka kuuguza wagonjwa nyumbani kukawaka moto, maana enzi hizo ilionekana kazi ya watu wa chini. Alibanwa mpaka 1851, akiwa na miaka 31, ndipo akaenda kujifunza Kaiserswerth, Ujerumani.

1854 Uingereza ilikuwa inapigana na Urusi huko Krimea. Waziri Sidney Herbert, rafiki yake, akamtuma na wanawake 38 kwenye hospitali ya jeshi ya Scutari, jirani na Istanbul. Walikuta majeruhi sakafuni, chawa, na mifereji ya vinyesi imeziba chini ya jengo. Akapanga jiko, akatafuta mashuka na nguo safi. Lakini watu waliendelea kufa. Februari 1855, katika kila wagonjwa 100 walikufa kama 42. Machi ikafika tume ya usafi kutoka London, ikazibua mifereji na kuingiza hewa. Kufikia Juni walikuwa wanakufa kama 2.

Alirudi kwao 1856 kimyakimya, akitumia jina la Miss Smith ili kukwepa mapokezi. Akakaa na mtaalamu wa takwimu, William Farr, wakahesabu vifo. Jibu likatoka: maradhi yaliua askari wengi kuliko majeraha. Na Scutari, hospitali yake mwenyewe, ilikuwa mbaya kuliko zile za karibu na mapigano. Hebu fikiria, nchi nzima inakuita shujaa, halafu karatasi inakuambia uliwauguza watu ndani ya jengo lililokuwa linawaua. Mimi ningeificha ile karatasi, nasema ukweli. Yeye aliichapa akawagawia vigogo.

Na akaichora! Duara limekatwa vipande kama keki: bluu ni maradhi yanayozuilika, nyekundu majeraha, nyeusi sababu nyingine. Mheshimiwa asiyependa kusoma namba alikuwa anaona bluu tu imejaa. Mwaka huohuo, 1858, akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika chama cha takwimu cha London.

Msidhani aliteleza kirahisi. Waziri wa vita, Lord Panmure, alimwahidi tume ya kifalme, kisha akaanza danadana, wiki baada ya wiki. Florence akamwambia kama haundi tume, atatoa taarifa yake mwenyewe kwa umma. Hapo ndipo sisi tulipokosea, wadau, tulikuwa hatuna cha kumtishia mtu. Tume ikaanza Mei 1857. Mwanamke hakupewa kiti, kwa hiyo Herbert akawa mwenyekiti na yeye akaandaa maswali na nyaraka akiwa chumbani. Ushahidi wake ulipokelewa kwa maandishi.

Mwaka huo afya yake iliporomoka. Homa ya Krimea haikumwacha. Wengi siku hizi wanadhani ilikuwa brusela, ule ugonjwa wa maziwa mabichi ya mifugo. Akawa anaita mawaziri kitandani kwake, mmoja mmoja.

Kuna mahali simsifii. Herbert alikuwa mgonjwa wa figo, mama akaendelea kumsukuma aibadilishe wizara ya vita. Alipokiri ameshindwa, alimsema vikali. Herbert akafa Agosti 1861, na Florence akamlilia muda mrefu. Tena baadaye alipinga manesi kusajiliwa kisheria, jambo ambalo manesi wa leo wangemshangaa.

Ila hakuacha. Alifungua shule ya manesi hospitali ya St Thomas' 1860. Akahangaikia usafi wa kambi za jeshi na vijiji vya India, nchi ambayo hakuwahi kuikanyaga, kwa kutuma fomu za maswali kwenye vituo na kuchambua majibu. Hiyo nayo ilikula miaka na miaka, viongozi wanabadilika, anaanza upya na kila mpya.

1907 akapewa nishani ya Order of Merit, mwanamke wa kwanza kuipata. Wakati huo alikuwa haoni tena. Alifariki tarehe 13 Agosti 1910, miaka 90. Serikali ilitaka azikwe Westminster Abbey na wakubwa wenzake, ndugu wakakataa. Yupo East Wellow, kijijini, na kwenye jiwe wameandika F.N. na tarehe zake mbili.